Ninunue mashine ya kuchomelea, au nilipe ada ya chuo?

SWALI: Nilimaliza kidato cha nne na sasa ni msaidizi katika karakana ya mageti na grili, Unga Limited, Arusha. Akiba yangu inatosha mashine ndogo au ada, si vyote viwili. Lengo langu ni kuingia kwenye karakana zinazounda bodi za magari ya utalii. Nianze na lipi? Na kwa nini bomba jembamba la mraba hutoboka mkononi mwangu, lakini si mkononi mwa fundi wangu?

JIBU: Ndugu, naanza na swali la pili, kwa kuwa ndilo linaloamua la kwanza. Mabomba mengi ya grili yana unene wa milimita 1.2 au 1.5, na chuma chembamba kiasi hicho hujaa joto upesi. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 3.2, ambacho huhitaji takriban ampea 90 hadi 130, kitalitoboa hata ukiwa mwangalifu. Tumia kijiti cha milimita 2.5 cha aina ya 6013, anzia karibu na ampea 60, na umbali kati ya ncha ya kijiti na chuma usizidi unene wa kijiti chenyewe. Penye mwanya, choma nukta fupi fupi, ukisubiri kila moja ipoteze wekundu kabla ya kuikalishia nyingine ukingoni mwake. Mwangalie fundi wako hata anapokata, kwa maana pembe iliyokatwa vibaya huacha mwanya, na mwanyani ndiko tundu linakoanzia.

Yote hayo unaweza kujifunza kwa mashine ya tajiri wako, na kwa sababu hiyo nakushauri ulipe ada. Mshono mbaya wa grili husagwa kwa grenda, ukapakwa rangi, na dirisha likasimama. Kwenye chasisi iliyorefushwa ya gari la utalii, mshono hubeba abiria na mizigo juu ya barabara za vumbi na mawe, na mfereji mdogo ulioliwa kando ya mshono huwa mwanzo wa ufa. Huko utakutana na vijiti vya aina ya 7018, ambavyo ni lazima vikae pakavu kwa sababu unyevu huingiza haidrojeni kwenye mshono na kuupasua baadaye, pamoja na mashine zinazochomelea kwa waya badala ya kijiti, kwa ajili ya bati za bodi. Karakana ya mageti haina sababu ya kukufundisha hayo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vyuo Arusha na Moshi, na pia ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyepata ujuzi kazini. Uliza yote mawili kabla ya kulipa.

Siku ya kununua mashine ikifika, usitazame ampea peke yake. Iliyoandikwa ampea 200 kwa asilimia 60 huchomelea kwa nguvu hiyo dakika 6 katika kila dakika 10, kisha ipoe. Nyingi za bei nafuu hazifiki hapo.

Kioo cha kinga kiwe na namba ya giza 10 au 11; miwani ya jua haizuii mwanga huo, na macho huanza kuwasha kama yenye mchanga saa kadhaa baada ya kazi. Bomba lililopakwa zinki lisage kwanza sehemu ya mshono na ulichomelee nje, penye upepo, kwani moshi wake huleta homa na kutetemeka jioni, na maziwa wanayokunywa mafundi wetu hayauzuii kufika kwenye mapafu.