Kabla Hujatia Tyubu Kwenye Tairi la Mbio za Udongo

Kila msimu wa mbio za magari kwenye uwanja wa udongo huja mgeni na swali lilelile: tairi la nyuma kushoto linakwisha upepo, nitie tyubu? Nami humuuliza, upepo unatokea wapi? Mara nyingi hajui. Basi tuanzie hapo.

Jaza tairi, ulipake maji ya sabuni kila mahali: ubavuni, pale mdomo wa tairi unapokutana na ringi, kwenye shina la valvu, na kwenye maungio kama ringi yako ni ya vipande vilivyofungwa kwa bolti. Povu litasema. Valvu ikivuja, badilisha kile kisindano cha ndani, shughuli ya dakika moja. Mdomoni pakivuja, kwangua kutu na udongo uliogandia, maana punje chache za mchanga zinatosha kupitisha upepo. Ringi ikiwa imepinda, tyubu haitainyoosha. Itashika upepo, ndiyo, lakini mdomo wa tairi utakuwa haujakaa, na kishindo kimoja cha kona kitautoa.

Ubavu ukitoa povu dogodogo kama jasho, usikimbilie kulitupa tairi. Matairi ya mbio hutengenezwa mepesi, na utando wa ndani wa kuzuia upepo huwa mwembamba au haupo kabisa. Wengi wetu huyaziba kwa dawa ya majimaji inayomiminwa ndani, kisha tairi linazungushwa na kulazwa kila upande mpaka ienee. Dawa ikishindwa, hapo tyubu inaeleweka.

Pengine unajiuliza kelele zote hizi za nini kwa upepo kidogo. Gari la barabarani likipoteza psi 2 (psi ni kipimo cha presha) kati ya 32, dereva hajui. Tairi letu la nyuma kushoto likiwa na psi 8, psi 2 ni robo nzima. Tena presha ndiyo inayoamua ukubwa wa tairi. Magari haya hukata kona za kushoto, na ekseli ya nyuma imefungwa ili magurudumu yote mawili yazunguke sawasawa, kwa hiyo tairi la kulia linawekwa kubwa kuliko la kushoto ili gari lielekee kushoto lenyewe. Tofauti hiyo ya mzunguko tunaiita staga. Kushoto likinywea, staga inakua mbio zikiendelea, na dereva anarudi akilalamika kwamba mkia wa gari unamkimbia. Utahangaika na springi usiku kucha, kumbe ni upepo.

Sasa kosa langu. Msimu wangu wa kwanza nilitia tyubu, nikakaza nati ya valvu hadi kwenye ringi, nikajiona fundi. Dereva alipokanyaga mafuta akitoka kona, tairi liliteleza juu ya ringi, likaiburuta tyubu, valvu ikang'oka shinani. Tairi likakaa chini papo hapo. Tairi la tyublesi, yaani lisilo na tyubu, likichomwa na msumari, mara nyingi msumari wenyewe unaziba tundu na upepo unatoka taratibu, ila tyubu ikichanika hakuna taratibu. Na tyubu haishikilii tairi kwenye ringi hata kidogo. Hiyo ni kazi ya mdomo wa tairi na ile pete ya nje ya kubania, na bolti zake zikazwe kwa kupokezana pande zinazotazamana, si kwa kufuatana.

Ukishaamua kutia tyubu, pitisha mkono ndani ya tairi lote. Vua glavu, lakini nenda polepole, maana unatafuta waya na misumari midogo. Bandua karatasi zote za kiwandani zilizogandishwa ndani, kwani kona za karatasi hula tyubu kwa kusugua. Piga tupa tundu la valvu na mabaki yote ya kulehemu kwenye ringi. Nyunyiza poda ya talki, kidogo tu ya kuteleza, si ya kutengeneza uji. Chukua tyubu ya kipimo cha tairi lako: kubwa mno inajikunja, ndogo mno inavutika hadi kuwa nyembamba. Ijaze upepo kidogo iwe duara ndipo uiingize. Tairi likishakaa, toa upepo wote, ujaze tena, ili mikunjo ijifungue. Nati ya valvu iache juu, karibu na kifuniko. Tairi likianza kuteleza, valvu itainama nawe utaiona kabla haijakatika.

Kuna gharama nyingine. Tyubu ni uzito unaozunguka, na ikisuguana na tairi inaongeza joto. Tairi ulilopima psi 10 kwenye nyuzi 20, hewa ya ndani ikifika nyuzi 70 presha inapanda hadi karibu psi 14. Wanaotumia valvu za kupunguza presha, mnielewe vizuri: ile inayofungwa kwenye tundu lake pekee la ringi haifanyi kazi ukitia tyubu, kwa sababu hewa imo ndani ya tyubu. Iondoe, uzibe tundu liwe laini kwa ndani, la sivyo tyubu itavimbia humo. Na kabla ya yote hayo soma kanuni za daraja lako la mbio, maana valvu hizo haziruhusiwi kila mahali.

Tyubu yenye kiraka mimi sifungi kwenye gari la mbio, wengine hufunga.

Mwisho wa kufunga, chora mstari wa chaki kutoka ubavu wa tairi hadi kwenye ringi. Gari likirudi, futa tope uutazame. Vipande vya mstari vikiwa vimeachana, tairi limetembea, nawe fungua gurudumu hilo kabla gari halijarudi uwanjani, hata kama presha inasoma vilevile.