Je, kuna mwezi mpevu unaong'aa kupita kawaida?

Swali: Nimetumiwa ujumbe unaodai kuwa mwezi mpevu ujao utang'aa kuliko wote wa miaka 100 iliyopita, kwamba mtu ataweza kuendesha gari bila taa, na kwamba mwezi wa namna hiyo huleta matetemeko ya ardhi. Lipi hapo ni la kweli?

Jibu: Kiini cha ujumbe huo ni cha kweli, ila kimetiwa chumvi nyingi. Njia ya mwezi kuizunguka dunia ni duaradufu, hivyo umbali wake, ambao kwa wastani ni kilomita 384,400, hupungua hadi chini kidogo ya 357,000 na huongezeka hadi karibu 407,000. Mwezi unaopevuka ukiwa karibu kabisa huonekana mpana zaidi kwa asilimia 14, na hung'aa zaidi kwa asilimia 30, kuliko unaopevuka ukiwa mbali kabisa. Wasambazaji wa habari hizi huinukuu asilimia 30 na kuacha kutaja kinacholinganishwa. Ukiulinganisha na mwezi mpevu wa wastani, nyongeza ya mwangaza ni takriban asilimia 16 tu, na wingu jembamba au vumbi la angani latosha kuifuta.

Madai ya aina hii si mapya. Mwezi mpevu wa tarehe 22 Desemba 1999 ulivumishwa kwa baruapepe kuwa ndio uliong'aa zaidi katika miaka 133, ilhali ule wa tarehe 4 Januari 1912 ulikuwa karibu zaidi, kilomita 356,375. Wa tarehe 14 Novemba 2016, uliokuwa umbali wa kilomita 356,509, ulikuwa wa karibu zaidi tangu 1948, na utapitwa tarehe 25 Novemba 2034. Tofauti baina ya miezi hiyo ni kilomita mia chache, ambazo hakuna jicho linaloweza kuzitambua.

Mwezi mkubwa unaouona ukichomoza ni jambo jingine kabisa: hayo ni mazigazi ya ubongo. Nyoosha mkono na uufunike kwa ukucha wa kidole cha mwisho, kisha urudie saa chache baadaye ukiwa juu. Ukucha uleule utautosha mara zote mbili. Kwa hakika mwezi unaochomoza uko mbali nawe zaidi, kwa karibu kilomita 6,400, kuliko ukiwa utosini.

Nadhani kinachowashangaza wengi ni mwezi mpevu wenyewe, uwe karibu au mbali. Mwezi nusu hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu, bali takriban sehemu moja ya kumi, kwa sababu mwanga wa jua huufikia kwa upande, na vivuli vya milima na mashimo yake hutawanyika usoni pake. Ukipevuka, vivuli hivyo hujificha.

Ama maji ya bahari, bamvua, yaani kujaa na kupwa kwa maji kuliko kawaida, hutokea kila mwezi upevukapo na uandamapo, na ukaribu wa mwezi huongeza sentimita chache tu, ingawa dhoruba ikitokea wakati huohuo fukwe za chini zaweza kufurika. Kuhusu matetemeko, hakuna anayeweza kuyatabiri kwa kuutazama mwezi. Na taa za gari ziwashwe: jua hung'aa takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu.