Hilo la Miritini si konokono

Ndugu, umeuliza kama jiwe lililojiviringa uliloliokota Miritini, Mombasa, ni konokono wa kale, na lile refu kama risasi na yale mawili ya umbo la kombe la baharini ni vitu gani. Hata mimi nilirudi Nairobi na mfuko wa mawe ya huko nikiwa na jibu hilohilo la konokono.

Litazame ubavuni. Konokono wengi hujiviringa wakipanda kama pia, upande mmoja ukawa na kilele. Lako limelala bapa pande zote mbili, kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Hiyo ni dalili ya amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza, aliyetoweka miaka milioni 66 iliyopita. Uthibitisho ni vyumba vya ndani. Ganda likiwa limebanduka utaona mistari iliyochanika-chanika kama ukingo wa jani la dania. Hapo ndipo kuta za vyumba zilipogusa ganda. Usiichanganye na matuta ya nje, ambayo ni mbavu tu.

Lile la risasi nadhani ni belemnaiti, naye wa ukoo wa ngisi. Angalia palipovunjika: mistari hutawanyika kutoka katikati kama spoki za baiskeli.

Makombe yako mawili ndiyo magumu. Kwa kome, vifuniko viwili vya ganda hufanana kama viganja viwili, ila kila kimoja peke yake kimeegemea upande, kushoto na kulia si sawa. Brakiopodi, mnyama mwingine wa baharini mwenye vifuniko viwili, ni kinyume: vifuniko havilingani, lakini kila kimoja ukikigawa katikati, kushoto na kulia ni sawa. Chaza hafuati kanuni hii, kwa hiyo usikate shauri haraka.

Tafadhali usiyaoshe kwa siki. Mimi niliyaloweka usiku kucha, na kwa kuwa yalikuwa ya chokaa, ile mistari myembamba ililika ikaisha. Bado inaniuma. Maji na mswaki mkuukuu vinatosha.

Aliyekushauri ujaribu Ngong amekosea. Mawe ya huko ni ya volkano, si mahali pa kutafuta viumbe vya baharini kama hivi. Na kabla ya safari nyingine, pita Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, Nairobi, uwaonyeshe ulichopata: kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006, kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale kama haya, kunahitaji leseni na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Andika leo, kabla hujasahau, kila jiwe ulilitoa wapi hasa. Kisha tuwekee picha za ubavuni na za palipovunjika, na sarafu ya shilingi kumi kando tuone ukubwa.