Kupandisha uzio wa mbao bila kuubomoa: anza na nguzo

Mkuu, umeuliza kama uzio wako wa mbao wa futi 4 unaweza kufika futi 6 kwa kugongelea vipande juu ya nguzo zilizopo. Kugongelea unaweza. Hata mimi niligongelea. Ila nipo Makambako, na anayeujua upepo wa huku keshajua kilichofuata.

Chanzo kilikuwa mbuzi wa jirani. Walikuwa wanapandisha miguu ya mbele kwenye ubao wa juu na kuchungulia mchicha wangu kama wateja dukani. Fundi akakata mbao za 2x2 (inchi mbili kwa mbili) vipande vya futi mbili mbili, akavisimamisha juu ya vichwa vya nguzo kwa misumari ya inchi 4, kisha akapiga mbao zikiwa zimebanana kabisa. Ulipendeza, sikatai. Ilipofika Agosti nyongeza yote ililala upande wa jirani, misumari imechomoka mizima, hata kupinda haikupinda. Msumari ukipigwa kwenye kichwa cha nguzo unafuata nyuzi za mti, haupati pa kushika.

Mara ya pili nikaanzia chini. Fukua kidogo kwenye shina la kila nguzo, uchome kwa bisibisi pale inapotokea ardhini. Hapo ndipo inapooza, na ndipo mchwa huanzia. Kati ya nguzo zangu 14, tano bisibisi ilizama kama kwenye boga. Hizo ng'oa tu, usizihurumie. Mpya nimezifukia futi 2 na zege.

Usidhani kuongeza nusu ya urefu ni kuongeza nusu ya mzigo. Sehemu inayopigwa na upepo imekua, na inasukumwa kutoka juu zaidi, kwa hiyo shina la nguzo ya futi 6 linabeba zaidi ya mara mbili ya lile la futi 4. Nguzo nzima za zamani niliziwekea mwega kwa ndani, moja ndiyo, moja hapana.

Kuunga sasa. Chukua 2x4 ya futi 4: futi 2 zilale ubavuni mwa nguzo, futi 2 zichomoze juu. Kama nguzo zako ni milingoti ya duara kama zangu, chonga ubavu kwa tezo mpaka 2x4 ikae bapa bila kucheza. Toboa, pitisha bolti mbili za inchi nusu, zisikaribiane, na uweke washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu) pande zote mbili. Ulipochonga pakaa dawa ya mbao, maana nguzo iliyotiwa dawa kiwandani imeinywa kwa nje tu, moyo haujaguswa. Wengine hupaka oili chafu. Mimi siitaki karibu na mboga.

Mbao za juu ziachie nafasi ya vidole viwili, upepo upite. Upande wa kisima niliweka fito tu nikapandishia pesheni. Rahisi na inazaa, ila ikishona majani inakuwa tanga la jahazi, hivyo ipogoe kabla ya msimu wa upepo.

Na geti, kama utalipandisha nalo, ongeza bawaba ya tatu. Langu nililiacha na mbili zile zile, linaburuza chini hadi leo.