Viazi vyako havina njaa, vina chumvi: yaliyonikuta Magu

Mkuu, umeuliza kwa nini viazi mviringo vyako huko Magu, Mwanza, vimedumaa ilhali majani ni ya kijani kilichokolea, matuta yana weupe juu kama unga, na pamba ya jirani inastawi bila shida. Umesema Jumamosi unatia urea. Nakuomba usitie kwanza. Hilo kosa nililifanya mimi.

Nilipanda mwezi wa sita, usiku unapokuwa na ubaridi kidogo, kwa sababu joto likizidi kiazi mviringo huota majani tu. Maji nilivuta kwenye kisima nilichochimba kando ya mbuga. Miche ikabaki mifupi, nikaona ni njaa. Nikamwaga samadi mbichi ya zizini, halafu urea. Mbolea ya dukani nayo huongeza chumvi kwenye udongo, na samadi ya zizini imeshiba mkojo wa ng'ombe, kwa hiyo nilikuwa naongeza kile kile kilichokuwa kinaniumiza. Majani ya chini yakaanza kuungua kingo. Siku ya kuvuna nikakuta viazi vya ukubwa wa ndimu, tena vimejaa maji. Niliumia sana, maana mbegu ilitoka Tarime kwa gharama kubwa.

Chumvi ikizidi kwenye udongo huyashika maji, mzizi ukawa na kiu huku tuta limelowa. Kisha sodiamu iliyomo kwenye chumvi hiyo inaingia na kugombania nafasi na potasiamu, ambayo kiazi kinaihitaji mno kusafirisha sukari kutoka kwenye majani kwenda chini. Mmea haukubali kirahisi: sodiamu unaifungia kwenye vifuko vilivyo ndani ya seli, unairundika kwenye majani makuukuu, na unatengeneza vitu kama prolini vya kuusaidia kuvuta maji. Ndiyo maana hukuona ukifa. Lakini kazi yote hiyo inakula nguvu ambayo ingejaza viazi. Juu unaona mmea mzima, hasara iko ardhini.

Kuhusu pamba ya jirani: vipimo vilivyokusanywa na watafiti Maas na Hoffman mwaka 1977 vinaonyesha kiazi mviringo huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.7 kwa mita (kipimo cha chumvi), na kila desisimensi moja inayozidi hupunguza kama asilimia 12. Ikifika 4, zaidi ya robo ya mavuno imeondoka. Pamba huvumilia mpaka 7.7. Kwa hiyo shamba zuri kwa pamba halikuhakikishii chochote kwa viazi. Viazi vitamu navyo usivikimbilie, kikomo chao ni 1.5.

Wengi humu wanalilaumu ziwa. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya kusumbua, kipimo chake ni kama 0.1 tu. Cha kushuku ni kisima, na ardhi ya mabondeni ambako maji hukauka na kuacha chumvi juu. Mahali ng'ombe wanapopenda kulamba udongo, mimi sipandi kiazi.

Msimu uliofuata nilivuta maji ya ziwa, nikalowesha shamba mara tatu kwa wingi kabla ya kupanda ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Mbegu niliziweka ubavuni mwa tuta, kwa sababu maji ya mfereji hupanda na kuiacha chumvi kileleni, pale pale penye huo unga wako. Nikatandaza mabua ya mpunga. Samadi nikatumia iliyooza vizuri tu. Viazi vilikuja vya kuuzika. (Kumbuka ndani ya mita 60 kutoka ufukweni sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira.)

Ila kama udongo wako ni ule mgumu uliofunga, ambao sisi Wasukuma tunauita ibambasi, maji matupu hayatatosha. Hapo sodiamu imeshika udongo wenyewe, inahitaji jasi (madini yenye kalsiamu) iiondoe kwanza, na kwa ekari gharama yake ni nzito. Mimi sehemu hiyo niliiachia pamba.

Kabla ya Jumamosi chukua ndoo mbili zilizotobolewa, jaza udongo mzuri wa aina moja, panda kiazi kimoja kimoja. Moja mwagilia kisima, nyingine ziwa. Baada ya miezi mitatu hivi zimwage zote mbili, hesabu viazi, uje utuambie hapa.