Kiholela si nasibu

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa takwimu na ripoti yangu naiandika kwa Kiswahili. Niliandika kwamba, kwa kutumia R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, "nilirudia namba nasibu mara tano". Msimamizi wangu aliyakata maneno hayo akaandika juu yake: "nilizalisha namba za kiholela zinazojirudia". Sahihi ni ipi?

Jibu: Si yako wala yake, ingawa wewe umejikwaa tu, ilhali msimamizi wako, ambaye sina shaka na hesabu zake, ametumbukia kisimani. Utaniwia radhi nikianza na kisima.

Nasibu tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ni fungu au sehemu aliyopangiwa mtu, na halijawahi kunikosesha raha. Linaloninyima usingizi ni holela. Lisikilize linavyosemwa kila siku: ujenzi holela, makazi holela, kupandisha bei kiholela, kukata miti kiholela. Kote huko kuna mtu aliyewekewa utaratibu akaupuuza ili afanye linalomfaa yeye. Anayejenga kiholela hakupigiwa kura ya mahali pa kujenga. Alipaona bondeni pako wazi, akamwaga kokoto usiku. Tendo la kiholela lina mwenyewe, na huyo mwenyewe ana upendeleo wake.

Niliwahi kusoma tasnifu iliyotamka bila haya kwamba wahojiwa 60 sokoni "walichaguliwa kiholela". Nilimwamini mwandishi, kwa kuwa maelezo yake mwenyewe yalionyesha kwamba alishuka kwenye daladala, akaanza na mama ntilie waliokuwa karibu na kituo, na jua lilipokuwa kali akahamia kwenye kibanda cha soda, akawamaliza waliosalia palepale kivulini. Wauza samaki wa mwisho kabisa wa soko hawakuwa na nafasi hata chembe ya kuulizwa jambo. Huko ndiko kuchagua kiholela, wala neno halikukosea. Angechagua kinasibu, angeorodhesha wafanyabiashara wote wa soko, akaandika kila jina kwenye kikaratasi, akavikunja, akavitia kapuni, akalitikisa kapu na kuchomoa 60 bila kutazama. Hapo muuza samaki angekuwa na nafasi sawasawa na ya mama ntilie wa kituoni, na jua lisingekuwa na kauli. Mtafiti anayeandika "kiholela" akikusudia hilo la pili anaungama dhambi asiyoitenda, na yule aliyeitenda anaiungama bila kujua.

Tukija kwenye R, holela linakosa hata pa kusimama. Namba za R, usipoichagulia njia nyingine, hutolewa na kanuni iitwayo Mersenne Twister, ambayo Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura waliichapisha mwaka 1998. Anza na set.seed(123), amri inayoiwekea kanuni hiyo mahali pa kuanzia, kisha andika runif(1), inayoomba namba nasibu moja kati ya 0 na 1: utapata 0.2875775. Nami nikifanya hivyo nitapata 0.2875775, na atapata iyo hiyo aliyeko Auckland, New Zealand, ilikozaliwa R. Ndiyo maana wanafani wenye uangalifu huziita namba nasibu bandia. Kitu kitiifu kiasi hicho kukiita cha kiholela ni kukisingizia. Vijana wanaosema "namba za randamu" nimekwisha kuwasamehe. Neno lao halipendezi masikioni, lakini halimsemei mtu uongo.

Sasa nikurudie wewe. Ulichokosea ni kurudia namba badala ya kurudia kuzalisha, na R yenyewe ingekuumbua. Ukitanguliza set.seed(123) kisha ukaandika rep(runif(1), 5), inazalisha namba moja tu na kuitolea nakala, hivyo utaiona 0.2875775 mara tano mfululizo. Kwa Kiswahili huko ni kurudufu, neno ambalo sisi wa zamani tulilijua kwa harufu ya wino: mtihani mmoja, mashine ya kurudufia, nakala arobaini, na kosa la tahajia la swali la tatu nalo limo mara arobaini. Lakini ukitanguliza set.seed(123) ileile na kuandika replicate(5, runif(1)), utapata 0.2875775, 0.7883051, 0.4089769, 0.8830174 na 0.9404673. Kilichorudiwa hapo ni tendo, na hakuna namba iliyojirudia. Kwa hiyo "zinazojirudia" ya msimamizi wako ni kosa lake la pili katika maneno matano. (Wale wanaoandika "kuchagua kwa kurudia" pale sample, amri ya R ya kuchagua sampuli, inapoambiwa replace = TRUE wajue kwamba huko ni kuchagua kwa kurudisha: kikaratasi kilichotoka kinarudi kapuni kabla ya kuchomoa kingine.)

Andika, basi: "nilirudia kuzalisha namba nasibu mara tano". Maneno ni yaleyale uliyokuwa nayo, umeongeza "kuzalisha" tu. Ila kama kweli ulitumia rep, itakubidi useme "nilizalisha namba nasibu moja, nikairudufu zikawa tano", na hapo shauri lako litakuwa limetoka mezani kwangu, limekwenda kwa mwalimu wa takwimu.