Ulizeni Tu: Wafugaji waliichapaje dunia?

SWALI: Shikamoo mzee wa majibu. Mimi msomaji wenu wa Mbagala. Kazini kwetu getini kuna mlinzi Mmasai, juzi tukawa tunabishana, mimi nikasema mtu anayehamahama na mifugo hawezi kuwa na dola, yeye akanijibu mbona Wamongolia walikuwa wafugaji tu na walichukua sehemu kubwa ya Asia. Nikagugo nikakuta ni kweli. Sasa waliwezaje watu wasio hata na nyumba ya maana? Na kama ni ufugaji, mbona Wamasai wetu hawakufanya hivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mlinzi mnunulie chai maana kakupiga bao la halali kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu kuhamahama, maana watu wengi mjini wanadhani mfugaji anazurura tu popote ng'ombe anapoelekea, wakati kule Mongolia kila familia ilikuwa inajua bonde lake la baridi lenye mlima wa kukinga upepo, na nyanda zake za kiangazi, na ole wako uingie kwenye malisho ya mwenzio. Mahindi huwezi kulima huko, mvua ya shida na baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri. Lakini majani yapo, na majani binadamu hali, basi unamweka mnyama katikati ayageuze nyama na maziwa. Wana mifugo ya aina tano: farasi, ng'ombe (na binamu yake yule mwenye manyoya marefu wa milimani), ngamia, kondoo na mbuzi. Nyumba yao ni hema la duara la manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, linabomolewa asubuhi, linapakiwa, jioni limeshasimama kwingine. Na wana balaa lao wanaliita dzud, barafu inafunika majani na mnyama anakufa njaa akiwa amesimama juu ya chakula chake. Baridi ya 2009 kuingia 2010 iliua mifugo zaidi ya milioni 8 nchini humo, karne hii hii, watu wakahamia pembezoni mwa mji mkuu, Ulaanbaatar, na mahema yao kutafuta vibarua.

Sasa vita. Maisha ya kila siku ya yule mfugaji yenyewe ndio yalikuwa mafunzo ya jeshi, hiyo ndiyo siri. Mtoto anapanda farasi hata hajamaliza kujifunza kuongea vizuri, upinde anaushika mapema, kulala nje kwenye baridi kawaida. Askari mmoja anatembea na farasi kadhaa, huyu akichoka anahamia kwa mwingine, na njaa ikimbana majike yapo anakamua. Malori ya msosi ya nini?

Halafu kulikuwa na ule uwindaji wao wa msimu wa baridi, huu nataka uuelewe vizuri. Watu maelfu wanatandaza mstari mrefu sana, wanaanza kuukunja taratibu mpaka unakuwa duara, siku zinapita hadi wiki, wanyama wote wa eneo lile wanasukumwa kuelekea katikati, na hakuna ruhusa ya kuua bado, na ukiacha mnyama akuponyoke kwenye nafasi yako adhabu inakuhusu, hata kama ni sungura. Usiku mioto inawaka mzunguko mzima. Duara likishabana ndio mkuu anaingia kwanza kupiga mishale, halafu wengine. Sasa mtu aliyefanya zoezi hilo tangu ujana, mwambie azingire jeshi la adui tambarare, anafuata alama za bendera tu hata haulizi. Na ule mchezo wa kujifanya wamekimbia, adui anawafukuza kwa furaha, anatawanyika, wanageuka! Huko Hungaria mwaka 1241 walikiona.

Ila usisahau wafugaji wa farasi walikuwepo karne nyingi kabla, makabila kama Xiongnu na Wahun (Huns), na wengi waliishia kuvamia na kugombana wenyewe kwa wenyewe. Alichoongeza Temujin, kiongozi wa Wamongolia aliyeitwa Genghis Khan baada ya mkutano mkuu wa 1206 kando ya mto Onon, ni kuvunja koo. Akawapanga watu kwa makundi ya 10, 100, 1,000 na 10,000, akachanganya kabila hili na lile makusudi ili mtu asiwe na mjomba wa kumkimbilia, na kuhama kikosi ikawa kosa la kifo. Vyeo akatoa kwa uwezo. Jemadari wake Jebe inasimuliwa alikuwa adui aliyempiga mshale farasi wake vitani, akakiri mwenyewe mbele yake, akapewa kazi badala ya kukatwa kichwa. Na kwa kuwa mfugaji hajui kubomoa ukuta wa mji, waliwachukua mafundi wa Kichina na wa Kiajemi wawatengenezee mitambo ya kurusha mawe. Hapo ndio mchezo ulipobadilika.

Wamasai je? Jibu fupi ni farasi. Huku kwetu mbung'o na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi vilihakikisha farasi hadumu sehemu nyingi, hata hao wachache wa polisi unaowaona Dar wanatunzwa kwa matibabu. Moran alipigana kwa miguu, na mfumo wa marika ulimpa nidhamu ya kutosha kuogopwa na misafara ya biashara kwa miaka mingi, lakini kwa miguu huwezi kutawala toka hapa mpaka Misri. Halafu sotoka ya miaka ya 1890 ikapita ikafagia ng'ombe, na wakoloni wanaingia muda huohuo. Hata Genghis angeshindwa.

SWALI: Mimi wa Kariakoo. Madrasa tulifundishwa Wamongolia waliiangamiza Baghdad na kumuua Khalifa. Mbona siku hizi mnawasifia?

JIBU: Hakuna anayewasifia kwa hilo. Februari 1258 Hulagu, mjukuu wa Genghis, aliingia Baghdad, Khalifa al-Musta'sim akauawa, inasimuliwa waliviringisha zulia wakamkanyagisha farasi kwa sababu kwao damu ya mtawala haimwagiki ardhini. Kabla ya hapo miji ya Merv na Nishapur mwaka 1221 zilikuwa zimeshafanywa vifusi. Zile hesabu za mamilioni kwenye mji mmoja wanahistoria wengi hawazikubali, ila mauaji yalikuwa makubwa sana, hilo halina ubishi.

Lakini stori haikuishia hapo. Chanzo cha ugomvi na nchi za Kiislamu kilikuwa biashara: 1218 gavana wa mji wa Otrar aliua msafara wa wafanyabiashara waliotumwa na Genghis, na mfugaji mali ya mjini anaihitaji kweli, chuma, nguo, nafaka, hawezi kuvitoa kwa kondoo. Mjumbe aliyetumwa kudai haki naye akauawa. Mimi kwa maoni yangu huyo gavana na sultani wake wana dhambi yao kwenye hesabu hii.

Halafu 1260 pale Ain Jalut, Palestina, Wamamluki (askari wa asili ya utumwa waliokuwa wakitawala Misri) wakawapiga Wamongolia wakarudi nyuma. Berke, binamu yake Hulagu aliyetawala upande wa Urusi, alikuwa Mwislamu na akaingia vitani na Hulagu mwenyewe. Mwaka 1295 Ghazan, kitukuu wa Hulagu, akasilimu, na mwaka huohuo akawa mtawala wa Uajemi. Na huyo Hulagu huyohuyo ndiye aliyemjengea mwanachuoni Nasir al-Din al-Tusi kituo cha kuangalia nyota kule Maragha. Watu wagumu kuwaweka kapu moja.

SWALI: Mzee, sisi wa pwani walitufikia hawa? Niko Temeke.

JIBU: Kwa upanga hapana. Kwa bidhaa ndio. Walipozimiliki njia toka China mpaka karibu na Bahari Nyeusi waliweka vituo vya farasi, tarishi anafika na kibao chake cha utambulisho, anapewa farasi mpya, anaondoka, kama wanavyopokezana kijiti uwanjani. Wafanyabiashara nao wakapata usalama. Vyombo vya Kichina vya enzi hizo vimefukuliwa kwenye magofu ya Kilwa, japo hivyo vilikuja kwa majahazi, na enzi hizo bandari za China zilikuwa chini ya Wamongolia.

Na kuna mtu aliyeona pande zote mbili. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa 1331 akamsifu sultani wake kwa ukarimu, halafu miaka michache tu mbele akawa kwenye kambi ya Uzbek Khan, mtawala wa Kimongolia aliyesilimu, anasimulia mji mzima unatembea, na misikiti yake na masoko yake, moshi wa majiko unapaa huku watu wako safarini, wakifika wanashusha mahema toka kwenye mikokoteni na msikiti unasimama hapohapo.